Gari la haibridi likigoma baada ya kuwekwa betri mpya: Jinsi ya kutambua kiini cha hitilafu

MMILIKI wa gari la haibridi aliyelipia betri mpya hutarajia jambo moja tu: taa za onyo zizimike na gari lirejee barabarani. Aghalabu mambo huenda kinyume. Gari hukataa kuwaka, au huwaka na kutembea siku chache kisha pembetatu nyekundu ikachomoza tena kwenye dashibodi.

Hapo ndipo hasara maradufu huanza. Mwenye gari huambiwa kwamba betri aliyonunua ni mbovu, au kwamba inveta imeungua, ilhali mara nyingi kiini ni plagi isiyokazwa, waya uliosahauliwa au betri ndogo iliyochoka. Kwa dereva wa teksi jijini Nairobi au Mombasa ambaye riziki yake hutegemea gari hilo, kila siku linapolala gereji ni siku ya njaa.

Suala hili linawahusu Wakenya wengi. Sheria huruhusu uagizaji wa magari yaliyotumika kwa muda usiozidi miaka minane, na magari kama vile Toyota Aqua, Toyota Prius na Honda Fit ya haibridi huletwa kutoka Japani yakiwa tayari yamekula umri. Hivyo basi, si ajabu betri kuanza kudhoofika miaka michache tu baada ya gari kuwasili.

Betri mbili, kazi mbili

Jambo la kwanza ni kufahamu kwamba gari la haibridi lina betri mbili, na hitilafu ya moja hufanana na hitilafu ya nyingine.

Betri kubwa ndiyo huendesha mota ya umeme. Katika Prius ya kizazi cha pili na cha tatu, betri hii ina moduli 28, kila moja ikiwa na volti 7.2, zilizounganishwa kwa mfuatano hadi kufikia volti 201.6. Aqua ya kwanza, iliyozinduliwa Desemba 2011, ina moduli 20, yaani volti 144. Inveta huziongeza volti hizo maradufu na zaidi kabla ya kuzifikisha kwenye mota.

Betri ndogo ni ya volti 12, kama ya gari la kawaida. Tofauti ni kwamba haizungushi injini. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa, ziitwazo rilei, zinazouruhusu umeme wa betri kubwa kutoka. Betri ndogo ikiwa dhaifu, betri kubwa haiwezi kutumika hata ikiwa mpya kabisa.

Usalama kwanza

Volti 200 za mkondo wa moja kwa moja zinaweza kumuua mtu. Nyaya za umeme mkali hupakwa rangi ya chungwa ili kila mtu azitambue. Yeyote asiye na mafunzo hapaswi kuzigusa wala kufungua sanduku la betri kubwa.

Kabla ya kazi yoyote upande huo, fundi huzima gari, huweka ufunguo mbali, huondoa waya wa hasi wa betri ndogo, kisha huchomoa plagi ya usalama na kuiweka mfukoni ili mtu mwingine asiirudishe. Baada ya hapo husubiri dakika 10 ili kapasita za inveta zimalize umeme zilizohifadhi, na kuhakikisha kwa mita kwamba hakuna volti zilizosalia.

Glavu anazovaa ni za mpira maalumu zinazohimili volti 1,000, nazo hujazwa hewa kwanza ili kubaini iwapo zina tundu. Glavu za kufulia au za bustani si kinga. Kadhalika, saa, pete na mikufu huvuliwa. Izingatiwe kwamba kuchomoa plagi ya usalama hakuondoi umeme ulio ndani ya betri yenyewe. Hukata tu njia yake.

Gari likiwa kimya kabisa

Iwapo milango haifunguki kwa rimoti, taa za dashibodi ni hafifu, au taa zote zinawaka kwa fujo huku rilei zikilia mfululizo, shuku betri ndogo kwanza. Ilikaa bila kuchajiwa muda wote betri kubwa ilipokuwa ikibadilishwa, na huenda milango ilikuwa wazi na taa za ndani zinawaka.

Ipime kwa mita gari likiwa limezimwa. Betri nzima huonyesha takriban volti 12.6. Ikishuka chini ya 12 imeishiwa chaji, na kompyuta huanza kutoa taarifa zisizo za kweli, zikiwemo nambari za hitilafu ambazo hazihusiani kabisa na betri kubwa.

Gari likishawaka, pima tena. Panapaswa kuwa na volti kati ya 13 na 15. Gari la haibridi halina altaneta. Betri ndogo huchajiwa na kifaa kinachopunguza volti za betri kubwa. Ikiwa mita haipandi, chunguza fyuzi kubwa ya kifaa hicho. Fyuzi hiyo mara nyingi huungua mtu anapounganisha nyaya za kuazima chaji kinyume, chanya kwa hasi. Kosa hilo la sekunde moja linaweza pia kuharibu inveta.

Tazama pia vichwa vya nyaya. Betri ndogo za Kijapani zina nguzo nyembamba kuliko zile za kawaida madukani. Betri ya aina nyingine ikiwekwa, klipu hulegea, na gari huzima na kuwaka lipitapo kwenye matuta. Isitoshe, betri inayokaa ndani ya gari, kama ilivyo katika Aqua na Prius, huhitaji bomba la kutolea gesi nje. Bomba hilo lisiachwe likining'inia.

Dashibodi ikiwaka lakini neno READY lisionekane

Dalili hii huonyesha kwamba kompyuta zimeamka ila zimekataa kufunga rilei. Sababu inayojitokeza mara nyingi baada ya betri kubadilishwa ni plagi ya usalama kutofungwa sawasawa.

Katika Prius ya kizazi cha pili, mpini wa plagi huchomekwa, hugeuzwa, kisha husukumwa mpaka ujifunge. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Ndani ya mpini mna swichi ndogo inayoiarifu kompyuta kwamba njia ya umeme imefungwa. Isipobanwa, gari haliwi tayari hata kama kila kitu kingine ni kizima. Nambari P0A0D huashiria jambo hili. Swichi ya aina hiyo hupatikana pia kwenye kifuniko cha inveta, hivyo kifuniko nacho kikaguliwe ikiwa kilifunguliwa.

Baada ya hapo, fundi akague plagi ya kompyuta ya betri, plagi ya kipimo cha mkondo na zile za vipimo vya joto. Plagi iliyoingia nusu hufanana kabisa na iliyoingia yote mpaka ivutwe kwa mkono.

Taa za onyo zikirejea baada ya siku chache

Hapa ni lazima kujua ni betri gani iliyowekwa. Betri mpya kabisa na betri iliyoundwa upya kutokana na moduli zilizotumika si kitu kimoja, ingawa zote huuzwa kwa jina la betri nzuri.

Moduli hufanya kazi kama jozi ya maksai: aliye dhaifu ndiye huamua mwendo. Moduli moja ikiwa na uwezo mdogo, hujaa upesi na kuisha upesi kuliko wenzake. Kompyuta hupima moduli mbilimbili, na ikiona tofauti kubwa baina ya makundi, huwasha taa na kuandika P0A80. Katika Prius zenye makundi 14, nambari P3011 hadi P3024 hutaja kundi lenyewe, kuanzia la 1 hadi la 14.

Ndiyo maana kubadilisha moduli moja iliyokufa na kuziacha 27 kuukuu huleta nafuu ya muda tu. Muda si muda nyingine hufuata, na mwenye gari hulipia kazi ileile mara ya pili na ya tatu.

Hata hivyo, usikubali upesi kwamba moduli ndizo mbovu. Vipande vya shaba vinavyoziunganisha hushika kutu ya kijani, na nyaya nyembamba za kupimia volti huoza ncha. Vipande vya zamani vikirudishwa bila kusafishwa, kompyuta husoma volti za uongo. Nati nazo hukazwa kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji. Zikilegea hupata moto, na zikikazwa mno huvunja nguzo ya moduli.

Fauka ya hayo, moduli hupangwa kwa kupishana, chanya kando ya hasi. Moduli moja ikigeuzwa, kundi lake husoma karibu sufuri na betri nzima hupungukiwa na takriban volti 14. Mita hulifichua kosa hili kwa dakika chache kabla sanduku halijafungwa.

Umeme unapovuja kwenye bodi

Umeme mkali wa gari la haibridi haupaswi kugusana na chuma cha bodi hata kidogo. Kompyuta hupima hali hiyo kila wakati, na ikigundua uvujaji huandika P0AA6. Hii si nambari ya kufuta na kusahau, kwa kuwa inahusu uhai wa mtu.

Baada ya betri kubadilishwa, uvujaji huweza kutokana na waya uliobanwa na kifuniko, maji yaliyoingia kwenye buti, au moduli iliyopasuka na kutoa majimaji yake makali. Katika magari ya Toyota, nambari ndogo zinazoambatana na P0AA6 huelekeza upande wa kuchunguza: 611 ni kishinikizo cha kiyoyozi, 612 ni eneo la betri, 613 ni mota na gia, na 614 ni nyaya za umeme mkali na inveta. Fundi anayesoma nambari kubwa pekee anaweza kubadilisha betri nzima ilhali mbovu ni kiyoyozi.

Feni na vumbi

Betri kubwa hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, karibu na kiti cha nyuma. Kwenye barabara zetu za vumbi, feni huziba. Betri mpya ikiwekwa kwenye feni chafu hupata joto lilelile lililoiua ya kwanza.

Hivyo basi, feni isafishwe wakati betri imetolewa, na plagi yake irudishwe. Nambari P0A82 huashiria kasoro katika upozaji wa betri. Nao abiria wasifunike tundu la hewa kwa mizigo au nguo.

Betri ndogo ikiisha kila asubuhi

Gari likilala likiwa zima na kuamka limekufa, kuna kitu kinachonyonya umeme usiku. Vishukiwa vikuu ni king'ora, kifaa cha kufuatilia gari na redio iliyofungwa baadaye. Hupimwa kwa kuweka mita kwenye waya wa hasi baada ya gari kuzimwa na kompyuta kulala, kisha fyuzi kuchomolewa moja baada ya nyingine hadi mkondo ushuke.

Dereva naye ana wajibu. Kusikiliza redio bila neno READY kuonekana humaliza betri ndogo upesi. Gari likisubiri abiria huku injini ikihitajika kuchaji, liwekwe kwenye P wala si N, kwa maana katika N betri kubwa haichajiwi. Aidha, gari la haibridi lisitumiwe kuwashia magari mengine.

Si kila jambo geni ni hitilafu. Betri ndogo ikiondolewa, saa na redio hupoteza kumbukumbu, na dirisha la kujiendesha huhitaji kufundishwa upya kwa kuinua kitufe chake mpaka juu na kukishikilia kidogo. Nayo picha ya chaji ya betri kubwa huweza kuyumba safari za kwanza kabla kompyuta haijaizoea betri mpya.

Kabla ya kulipa

Mwenye gari ana haki ya kuuliza na kujibiwa. Fundi aonyeshe nambari za hitilafu alizozikuta kabla ya kazi, nazo ziandikwe kwenye karatasi. Kuondoa waya wa betri ndogo ili taa zizimike si matengenezo. Huko ni kufuta ushahidi.

Uliza iwapo moduli ni mpya au zilizotumika, kama zote zilipimwa, na dhamana ni ya muda gani. Omba kuona usomaji wa makundi yote gari likiwa barabarani, mtu mmoja akiendesha na mwingine akisoma kifaa, kwani betri mbovu huweza kuonekana nzima likiwa limesimama. Mwisho, hakikisha volti za betri ndogo zimepimwa kabla na baada ya gari kuwaka.

Maswali hayo hayachukui hata nusu saa. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye gari la haibridi ufa wenyewe mara nyingi ni plagi moja iliyofungwa nusu.