Sauti Kwanza, Mnara Baadaye

Ukitafuta intaneti katika komini ya Dilala, mjini Kolwezi, nchini Kongo, utafika kwenye sekretaria kabla hujaona maktaba: kibanda chenye kompyuta, mashine ya fotokopi, na jenereta nje ya mlango. Mwanafunzi anakuja na kazi yake ya kumaliza masomo, ameiandika kwa kalamu. Anakaa ubavuni mwa mama anayechapa na kumsomea. Mwandiko ukisumbua, wanasimama, wanarudia sentensi kwa sauti mpaka neno lijitokeze. Baada yake anakuja mjane anayedai haki za marehemu mumewe. Yeye hakuandika chochote. Anasema, mama anachapa.

Naamini kituo cha maarifa kikijengwa Dilala, na vingine katika vijiji vinavyoizunguka, vianzie kwa mama huyo anayechapa. Miradi mingi huanzia kwenye mnara wa mawasiliano.

Kenya ilianzia kwenye kitabu. Mwaka 1996 huduma ya taifa ya maktaba ilipakia vitabu juu ya ngamia kule Garissa ili viwafikie wafugaji. Naiheshimu sana kazi ile, maana serikali ilikwenda kwa msomaji badala ya kumngoja. Lakini ilidhani kwamba mwenye kupokea kitabu anajua kusoma. Nakaseke, nchini Uganda, ilikutana na swali gumu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kilijengwa pale kituo cha mawasiliano pamoja na maktaba, kwa msaada wa UNESCO na wenzake. Kompyuta zilisema Kiingereza. Wakulima wanawake walisema Kiganda, na wengi hawakuzoea maandishi. Ikatengenezwa diski ya kuwaonyesha wanawake wa vijijini njia za kujipatia fedha, yenye sauti ya Kiganda: unabofya, unasikiliza.

Kwetu Katanga, mleta vitu alikuwa kampuni ya madini. Union Minière, kisha Gécamines, ilitoa nyumba, shule, hospitali, hata ukumbi wa wafanyakazi kukutania. Mgodi wake wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990 na uzalishaji kuanguka, huduma hizo nazo zilichakaa moja baada ya nyingine. Ndiyo maana nasita nikisikia kampuni ya madini imezawadia shule kompyuta. Zawadi ina mwenyewe. Sheria ya madini ya 2018 inatoa njia bora: kampuni zinatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Hiyo si sadaka. Sehemu yake ilipe kwanza mshahara wa mtu wa kuwasomea watu kwa sauti kituoni, kama mama yule wa sekretaria, kisha paneli za jua na betri, kwa sababu mitambo ya Nzilo na Nseke inafua umeme wa mto Lualaba jirani kabisa na Kolwezi, na bado nyumba nyingi zinalala gizani.

Na asome nini? Katanga ina maandishi yake. Mwaka 1965 watumishi wa nyumbani wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, walitaka historia ya mji wao iandikwe, na André Yav akaipanga kwa Kiswahili chao cha kila siku, ikapigwa taipu. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyewahi kufanya utafiti Kolwezi, aliichapisha mwaka 1990. Maneno yalikuwa yamegandana na vituo havikufuata kanuni, kwa hiyo macho peke yake hayakutosha. Alimwomba Kalundi Mango, mwana wa Katanga, aisome kwa sauti, na maana ikafunguka.

Maandishi hayo sasa yamo kwenye intaneti, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa Amsterdam. Ni herufi tupu, hayali mega nyingi. Kituo kingeyapakua mara moja tu, kikayatunza kwenye kompyuta yake, yakafunguka hata siku mtandao umekatika. Jioni viti vinapangwa, mama wa sekretaria anaanza ukurasa wa kwanza, na mzee aliyefanya kazi katika nyumba za Wazungu anamkatiza: hapo, mama, rudia tena hapo.