Mifupa ya kale yathibitisha saratani si ugonjwa wa zama hizi

WATU wengi huamini kuwa saratani ililetwa na viwanda, sigara na vyakula vya makopo. Hata hivyo, mifupa iliyofukuliwa barani Afrika na Ulaya inaonyesha kuwa maradhi hayo yalikuwapo kabla ya hayo yote.

Ushahidi wa kale mno ulipatikana katika pango la Swartkrans, Afrika Kusini. Mwaka 2016, watafiti walitangaza kuwa mfupa wa unyayo uliotoka humo, wenye umri wa kati ya miaka milioni 1.6 na 1.8, una saratani ya mifupa. Mwenye mfupa huo alikuwa mmoja wa jamaa za kale za binadamu.

Mwaka 2013 yalifukuliwa huko Amara West, kaskazini mwa Sudan, mabaki ya kijana wa kiume aliyefariki dunia yapata mwaka 1200 Kabla ya Kristo, akiwa na umri wa kati ya miaka 25 na 35. Picha za eksirei zilionyesha matundu kwenye mbavu, uti wa mgongo, mabega na nyonga, dalili kuwa saratani ilikuwa imeenea mwilini.

Nako Misri, hati ya mafunjo ya Edwin Smith, iliyoandikwa karibu mwaka 1600 Kabla ya Kristo, inaeleza uvimbe wa matiti na kukiri kuwa hauna tiba.

Ushahidi wa aina hii ni haba kwa sababu saratani nyingi huanzia kwenye nyama za mwili, ambazo huoza. Ni zile tu zinazofika mifupani ndizo huacha alama.

Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 143 waliozikwa kati ya karne ya 6 na ya 16, kabla ya tumbaku kuingia nchini humo. Watu watano, sawa na asilimia 3.5, walikuwa na dalili. Kwa kuzingatia saratani zisizofika mifupani, watafiti walikadiria kuwa asilimia 9 hadi 14 ya watu wazima walikuwa na ugonjwa huo walipofariki.

Matokeo hayo hayaiondolei sigara lawama, kwani sigara na maisha marefu vimeongeza idadi ya wagonjwa. Lakini chanzo cha ugonjwa ni cha kale, kama lilivyo jina lake: saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, mnyama ambaye Wagiriki wa kale pia walimtumia kuuita ugonjwa huo.