Kamera ndogo kwa msafiri wa pikipiki: namna ya kuichagua pamoja na lenzi yake

Msafiri anayeondoka Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, alfajiri kwa pikipiki na kushika barabara ya taifa nambari 1 kuelekea Kayanza, huonja hali mbili za hewa kabla jua halijapanda. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Bugarama, umbali wa kilomita zipatazo 35 tu, iko juu ya mita 2,000. Nyuma huachwa joto la bonde la Imbo, na mbele hungoja ukungu na baridi ya milimani. Njiani hukutana na waendesha baiskeli wanaoteremka kwa kasi na mikungu ya ndizi, wauza mboga kando ya lami, na vilima vilivyopandwa hadi kileleni.

Safari hiyo inastahili picha, lakini pia ni safari inayoharibu kamera kwa haraka kuliko nyingi. Kwa kuwa kamera nzuri hununuliwa kwa akiba ya miezi mingi, na fundi wa kuitengeneza si rahisi kupatikana, kosa la kuchagua lina gharama. Jambo la kwanza la kuzingatia si wingi wa pikseli unaotangazwa kwenye boksi. Ni kwamba kamera hiyo itabebwa na mwili wa msafiri, wala si na pikipiki; kwa hiyo ni lazima iwe ndogo.

Maadui watatu: mtikisiko, vumbi na unyevu

Injini ya pikipiki ndogo ya silinda moja, kama zile za TVS na Bajaj zinazotumika sana katika nchi zetu, inapozunguka mara 5,000 kwa dakika hutikisa chuma chote zaidi ya mara 80 kila sekunde. Mtikisiko huo hulegeza skrubu ndogo za lenzi. Hatari ni kubwa zaidi kwa kamera zenye kituliza picha, yaani kifaa kinachosogeza kipande cha lenzi au kihisi cha mwanga ili kufidia kutetemeka kwa mkono. Kipande hicho huning'inia kwa nguvu ya sumaku au kwa springi nyepesi. Kikitikiswa saa nyingi, kinaweza kupoteza usahihi wake.

Vumbi ni adui wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Lenzi inayotoka na kuingia kamera inapowashwa na kuzimwa huvuta hewa ndani kila inapotoka, na hewa hiyo huja na vumbi. Chembe ikitua juu ya kihisi, huonekana kama doa jeusi angani katika kila picha.

Unyevu haupatikani kwenye mvua peke yake. Kamera iliyopoa Bugarama ikiteremshwa hadi kwenye joto la ufuoni, mvuke wa hewa huganda juu ya kioo chake, na wakati mwingine ndani yake, kama maji yanavyojitokeza nje ya chupa iliyotoka kwenye jokofu. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuteremka, ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, na isifunguliwe mpaka ipate joto la mahali ilipofika. Nusu saa hutosha mara nyingi. Mvuke utaganda juu ya mfuko, wala si juu ya lenzi.

Je, simu haitoshi?

Kwa wengi inatosha. Simu ya kisasa hupiga picha safi mchana, na iko mfukoni tayari. Hata hivyo, simu isifungwe kwenye usukani ili kupiga picha au kuonyesha njia. Septemba 2021 kampuni ya Apple yenyewe iliwatahadharisha wateja wake kuwa mtikisiko wa injini zenye nguvu za pikipiki, ukipitishwa na fremu na usukani, unaweza kudhoofisha kituliza picha na mfumo wa kulenga wa kamera za iPhone. Hata kwa pikipiki ndogo, kampuni hiyo ilishauri kutumia kishikio chenye kupunguza mtikisiko na kutofanya hivyo kwa muda mrefu.

Kamera halisi huanza kuishinda simu katika mambo matatu: kuvuta picha ya kitu cha mbali bila kuiharibu, kupiga penye giza, na kuacha betri ya simu kwa ajili ya mawasiliano. Jambo hili la tatu husahaulika, lakini lina uzito kwa mtu aliyeharibikiwa na pikipiki mbali na nyumba za watu.

Ukubwa wa kihisi

Kihisi ni kipande kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani palikaa filamu. Kadiri kinavyokuwa kipana, ndivyo kinavyokusanya mwanga mwingi na ndivyo picha ya jioni inavyokuwa safi. Kamera nyingi za bei ya chini zina kihisi chenye eneo la milimita za mraba 28 hivi. Kile kinachoitwa cha inchi 1 kina milimita za mraba 116, yaani takriban mara nne. Cha mfumo wa Micro Four Thirds kina 225, na cha APS-C cha kampuni nyingi kina zaidi ya 360.

Mnunuzi asidanganywe na jina. Kihisi cha inchi 1 hakina inchi moja popote. Ulalo wake ni milimita 16 hivi. Jina hilo lilirithiwa kutoka mirija ya kamera za zamani za televisheni. Kwa msafiri wa pikipiki, inchi 1 ndiyo kiwango cha chini chenye faida iliyo wazi, kwa sababu kihisi kikubwa zaidi hudai lenzi kubwa zaidi, na lenzi kubwa hudai mkoba mkubwa.

Lenzi: namba mbili za kusoma

Namba ya kwanza ni urefu wa fokasi, ambao kwa urahisi wa kulinganisha hutajwa kwa kipimo cha filamu ya milimita 35. Milimita 24 huona upana wa nyuzi 74 hivi. Hii hufaa kwa bonde, soko, au pikipiki yenyewe ikiwa na mlima nyuma yake. Milimita 35 huona nyuzi 54, na hufaa kwa mtu katika mazingira yake. Milimita 50 huona nyuzi 40. Kuanzia 85 hadi 100, lenzi humleta karibu mtu au kitu kilicho ng'ambo ya barabara.

Namba ya pili ni ukubwa wa tundu la lenzi, inayoandikwa kwa herufi f. Hapa namba ndogo ndiyo yenye tundu kubwa. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga unaokaribia mara tano ya ule wa f/4. Tofauti hiyo huamua kama picha ya chakula cha jioni katika mkahawa wa Buyenzi itatoka safi au itatoka na ukungu wa mkono uliotetemeka.

Lenzi ya kuvuta ya milimita 24 hadi 70 au 100 humtosha msafiri kwa sehemu kubwa ya njia. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura kwenye barabara ya Rumonge, lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871, linataka lenzi pana. Ngoma za Gishora, karibu na Gitega, zinataka pana na pia ya kati: pana kwa nusu duara ya wapigaji, ya kati kwa uso wa yule anayeruka mbele yao. Ngoma hiyo ya kifalme iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2014. Viboko wa Rusizi wanataka milimita 200 au zaidi. Anayewaendea mara moja kwa mwaka asinunue lenzi nzito kwa ajili yao na kuibeba mwaka mzima.

Makundi manne

Kundi la kwanza ni kamera ndogo za kihisi cha inchi 1 zenye lenzi isiyobadilishwa. Sony RX100, iliyotoka mwaka 2012, ndiyo iliyofungua njia. Ina gramu 240 na huingia mfuko wa koti. RX100 VII ya mwaka 2019 huvuta kuanzia milimita 24 hadi 200 kwa gramu 302. Udhaifu wa kundi hili ni lenzi inayotoka na kuingia: vumbi ni adui yake mkuu.

Kundi la pili ni kamera za lenzi moja isiyovuta na kihisi cha APS-C. Ricoh GR III ya mwaka 2019 ina lenzi ya milimita 28 na tundu la f/2.8. Picha zake ni safi sana, lakini haivuti hata kidogo: anayetaka kukaribia hutembea.

Kundi la tatu ni kamera za kuvumilia maji na mishtuko. Olympus TG-6, ya mwaka 2019, huzama maji hadi mita 15, na lenzi yake haitoki nje ya mwili. Kihisi chake ni kidogo, hivyo picha za usiku ni dhaifu. Kwa anayesafiri msimu wa mvua, Oktoba hadi Mei, hilo ni badiliko linalokubalika.

Kundi la nne ni kamera za lenzi za kubadilishwa, hasa za Micro Four Thirds, mfumo uliotangazwa mwaka 2008. Panasonic ina lenzi bapa ya milimita 12 hadi 32, sawa na 24 hadi 64, yenye uzito wa gramu 70 tu. Faida ni uhuru. Hatari ni kubadilisha lenzi penye vumbi, jambo lisilofaa kufanywa kando ya barabara. Anayechagua kundi hili na aondoke nyumbani na lenzi moja ikiwa imefungwa, na airudishe vivyo hivyo.

Kubeba bila kuumia

Kamera isikae kwenye sanduku la nyuma wala kufungwa kwenye tangi. Miguu, kiuno na mgongo wa mwendeshaji hunyonya mtikisiko kuliko kifaa chochote cha dukani. Lakini mwili huo huo unaweza kuanguka. Kitu kigumu kilichotundikwa kifuani au kulala juu ya uti wa mgongo kinaweza kumjeruhi mwenyewe, na mkanda wa shingoni unaweza kunasa. Mkoba mdogo wa kiunoni wenye sponji, ukisogezwa ubavuni, ndio ulio salama zaidi. Mkoba huo ndio kipimo cha dukani: kamera isiyoingia humo ni kubwa mno. Unafaa pia mjini. Machi 2022 mamlaka zilizuia pikipiki, baiskeli na bajaji kuingia katikati ya Bujumbura, na sehemu ya picha za mji hupigwa kwa miguu.

Mwanga, mwendo na heshima

Karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Mwanga mzuri ni wa saa mbili za mwanzo na saa mbili za mwisho. Adhuhuri jua huwa utosini na nyuso huingia kivulini. Kiangazi vumbi huficha milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na baada ya mvua huonekana wazi.

Mwendesha baiskeli anayeteremka kwa kilomita 36 kwa saa husogea mita 10 kila sekunde. Shata ya 1/100 humwacha asogee sentimita 10, na picha hufifia. Ya 1/1000 humsimamisha ndani ya sentimita moja. Naye mwendeshaji asipige picha akiwa kwenye mwendo. Asimame nje ya lami, azime injini, ndipo afungue mkoba.

Mtu aombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha. Majengo ya dola yaachwe: Gasenyi yenyewe ndiko iliko ikulu ya Ntare Rushatsi, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 2019. Kambi za jeshi, vizuizi vya polisi, mipaka na uwanja wa ndege navyo visilengwe. Kamera iliyochukuliwa kizuizini hairudi kwa urahisi.

Kabla ya kulipa

Kamera nyingi hununuliwa zikiwa zimetumika. Mnunuzi aiwashe na kuizima mara kumi akisikiliza lenzi. Mkwaruzo ni dalili ya mchanga. Apige picha ya anga tupu kwa tundu dogo kabisa, kisha aikuze atafute madoa. Apige picha ya ukuta wenye maandishi, alinganishe kona zote nne. Kona moja ikififia, lenzi imepinda. Achunguze kama betri inachajiwa kwa waya wa simu, kwani hilo humwezesha kutumia benki ya umeme pale umeme unapokatika. Adai chaja, risiti na namba ya kamera, asije akanunua mali ya wizi.

Mwisho, avae glavu zake za pikipiki na ajaribu kubonyeza vitufe. Kamera isiyowezekana kutumika kwa glavu hizo itabaki mkobani njia nzima, hata kama ni ya bei ghali kuliko zote dukani.