Nitilie: Historia Fupi ya Kuchagua Chakula Dar es Salaam

Mchagua nazi hupata koroma, walisema wahenga. Methali hii ingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila hoteli ya chakula katika mitaa ya Kariakoo. Saa saba ya mchana mteja huketi, mhudumu akamjia na kutaja kwa pumzi moja: wali samaki, wali maharage, ugali nyama, ugali dagaa, ndizi, pilau. Mteja hutazama sahani ya jirani, huuliza tena kilichotajwa mwanzo, na hatimaye husema, "Nipe kama cha huyu." Aghalabu watu humcheka, wakamhesabu kuwa ni mtu asiyejua atakalo. Walakini kusita huko kuna historia yake.

Nyumbani, pwani na bara, mlaji hakuwa na desturi ya kuulizwa. Kilichopikwa ndicho kilicholiwa, na kutaka kingine kulikuwa ni kumvunjia heshima mpishi. Mambo yalikuwa mengine katika mji wa kikoloni, baada ya Wajerumani kuifanya Dar es Salaam makao makuu yao mwaka 1891. Katika hoteli kama Kaiserhof, ambayo baadaye iliitwa New Africa, hiari ya kuchagua ilikuwa ya Mzungu. Mwafrika aliingia humo kupika na kuandika meza. Mji wenyewe uligawanywa: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Jina hilo la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Hao walikula posho waliyopimiwa, na maelfu kwa maelfu hawakurudi makwao.

Katika Vita Kuu ya Pili mizani ilirudi. Mgao wa chakula mjini ulifuata mafungu ya rangi, na Mwafrika akahesabiwa kuwa mla mahindi, hata kama alizaliwa pwani na kulelewa kwa wali. Ladha yake iliamuliwa ofisini. Si ajabu basi kwamba makuli wa bandarini waligoma mwaka 1939, 1943 na 1947, na ughali wa maisha ukawa miongoni mwa malalamiko yao.

Uhuru wa mwaka 1961 uliuondoa ubaguzi wa mezani, lakini haukuwa na uwezo wa kuijaza kila sahani. Soko jipya la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilikamilika mwaka 1975, mara tu baada ya ukame wa 1973 na 1974. Kisha vikaja Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na uhaba uliofuata. Watu wa makamo wanaikumbuka foleni, na wanaukumbuka unga wa yanga, wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo. Siku hizo mhudumu hakuuliza "Utakula nini?" Mteja ndiye aliyeuliza, "Kuna nini?"

Katika dhiki hiyo mama ntilie alizidi kuhitajika. Jina lake ni ombi la mteja: mama, nitilie. Msomaji ataona kwamba ndani ya neno hilo hamna kuchagua. Mwenye njaa husogeza sahani, na mwanamke mwenye sufuria huamua kiasi cha wali na kiasi cha mchuzi, naye huaminiwa. Mwaka 1983 ilipotungwa sheria ya Nguvu Kazi, waliofanya biashara ndogo za namna hiyo waliishi kwa hofu ya kukamatwa na kupelekwa mashamba. Hata hivyo jiji liliendelea kula mikononi mwao.

Tangu biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, vyakula vikaongezeka: chipsi mayai, kuku wa kukaanga, mchele wa kila daraja. Ndipo kusita kulipoenea. Aliyepimiwa hakusita, wala aliyepanga foleni. Anayesita leo ni mjukuu wao, ambaye hatimaye anaulizwa.

Lakini swali hilo halimfikii kila mtu. Kuli anayesukuma mkokoteni Mtaa wa Kongo huangalia mfuko kwanza, na mfuko humchagulia. Kwake mama ntilie bado ndiye hoteli. Mwezi wa Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua moto. Mwishoni mwa mwaka huohuo wafanyabiashara wadogo, mama ntilie miongoni mwao, waliondolewa kandokando ya barabara nyingi za jiji na kuelekezwa maeneo mengine. Kuli hakuhamishwa pamoja nao. Palipoondolewa sufuria, yeye hakuwa na cha kuchagua wala wa kumwambia, "Nitilie."