Mau haikuwa tupu

Nikisema Rongai, ni hii ya Nakuru, si ile ya matatu za kelele. Kusini kwetu kuna Msitu wa Mau. Shuleni tuliambiwa ni chemchemi ya mito, basi. Watu je?

Huko juu Mariashoni na Nessuit, zaidi ya mita 2,000, baridi si mchezo. Waogiek walivaa ngozi za pimbi, wakatundika mizinga ya magogo mitini, kila ukoo na kipande chake cha msitu. Asali ilikuwa chakula, dawa, hadi mahari.

Mkoloni akaona miti tu. Tume ya Carter, iliyoundwa 1932, ikapendekeza wahamishiwe maeneo ya makabila mengine. Uhuru ukaja, fukuza-fukuza ikaendelea. 2009 wakapewa notisi ya siku 30, eti ni kulinda msitu. Kesi ikafika Arusha. 2017 Mahakama ya Afrika ikasema wazi: si Waogiek waliomaliza Mau. 2022 ikaamuru serikali iwalipe zaidi ya shilingi milioni 157 na kuwapa hati ya ardhi ya pamoja.

Novemba 2023, nyumba zao zikabomolewa tena Sasimwani, upande wa Narok. Na bado msee anawaita wavamizi.