Land Rover za zamani: Kutoa dinamo na kufunga alteneta

Mwezi Oktoba 2024, zaidi ya magari 1,000 aina ya Land Rover yalikusanyika jijini Arusha, kaskazini mwa Tanzania. Katika nchi hiyo na jirani yake Kenya bado zimo Land Rover zilizoundwa kabla ya miaka ya 1970, zinazochaji betri kwa dinamo. Wenye magari hayo wanaotaka kuyaendesha usiku bila hofu hufunga alteneta.

Tofauti yake

Dinamo na alteneta zote huzungushwa na injini kwa mkanda. Dinamo ya Lucas C40, iliyotumika katika Land Rover nyingi za wakati huo, hutoa takriban ampea 22, tena injini inapozunguka kwa kasi. Gari likienda polepole huku taa zikiwaka, betri ndiyo hubeba mzigo hadi huishiwa nguvu. Alteneta ya Lucas 16ACR hutoa ampea 34, na huchaji hata injini inapozunguka taratibu.

Betri kwanza

Katika Land Rover zilizoundwa kabla ya 1967, ncha chanya ya betri ndiyo iliyounganishwa na bodi. Alteneta za kawaida huhitaji ncha hasi iwe kwenye bodi. Zikifungwa bila kubadili mpangilio huo, dayodi zake huungua mara moja. Kwa hiyo fundi hugeuza kwanza betri, kisha nyaya za koili na za kipimo cha ampea. Redio ya zamani huondolewa, lakini stata haiguswi. Huendelea kuzunguka upande uleule.

Nyaya na taa ya onyo

Kisanduku cha kudhibiti dinamo huondolewa kwenye mzunguko wa umeme, kwa kuwa alteneta nyingi zina kidhibiti chake ndani. Waya mkuu wa kuchaji hubadilishwa kwa ulio mnene zaidi. Waya wa awali ukipitisha mkondo mkubwa huweza kupata moto na kuunguza gari. Taa ya onyo ya kuchaji haiondolewi: umeme unaopitia humo ndio huiamsha alteneta.

Kazi ikikamilika na injini ikinguruma, betri hupimwa. Volti kati ya 13.8 na 14.4 huonyesha kuwa inachajiwa vyema. Waya wa betri usichomolewe injini ikiwa inazunguka, kwani alteneta huweza kuharibika.