Unataka kuanza kubeba mizigo na kamio kwenye RN27? Haya ndiyo yanahitajika

Barabara ya kitaifa namba 27 inatoka Bunia, inapita Fataki na kufika Mahagi, karibu na mpaka wa Uganda. Saruji, mabati na vitu vya duka vinatoka upande wa mpaka. Maharagwe, muhogo na mahindi ya Djugu yanashuka Bunia. Mtu akiwa na kamio, anaona kama kazi tayari iko. Lakini kamio peke yake haitoshi. Mzigo ukipotea njiani, makaratasi ndiyo yanaamua nani atalipa.

Biashara yenyewe

Mbele ya kutafuta wateja, uandikishe biashara yako. Kongo iko ndani ya OHADA tangu Septemba 2012, kwa hiyo mchuuzi anaandikwa kwenye kitabu cha biashara, RCCM. Kisha kunafuata namba ya kitaifa (Id. Nat.) na namba ya kodi kutoka DGI. Kazi ya kubeba mizigo ya watu inaomba pia ruhusa ya usafirishaji. Uende biro ya usafirishaji Bunia, uulize bei rasmi, na kila ukilipa uombe risiti.

Kamio na shofere

Makaratasi ya gari ni haya: karte rozi, plake, vinyete, kontrole tekniki na asiransi. Shofere awe na permi ya gari kubwa, si ya gari ndogo.

Kuhusu asiransi, watu wengi wanajidanganya. Ile ya lazima inalipa hasara ambayo gari lako limeletea watu wengine. Hailipi mzigo uliobeba. Mzigo unaombewa asiransi yake. Sheria ya 17 Machi 2015 ilimaliza hali ya SONAS kuwa peke yake, kwa hiyo unaweza kulinganisha bei. Uulize wazi: vita na wizi wa silaha vimo ao havimo?

Barua ya mzigo

Hii ndiyo karatasi wengi wanasahau. Tunaita letre de vwatire. Andika nani ametuma, nani atapokea, ni vitu gani, mifuko mingapi, kilo ngapi, bei ya safari, na hali ya mzigo wakati wa kupakia. Mfuko ukiwa umepasuka, andika mbele ya kutoka. Ukinyamaza, itaonekana ulipasukia kwako.

Sheria ya OHADA juu ya kubeba mizigo barabarani inafanya kazi tangu tarehe 1 Januari 2004 kwa nchi za kwanza. Inasema mwenye kamio anajibu kwa mzigo tangu kupokea mpaka kukabidhi. Kama bei ya mzigo haikutangazwa, malipo hayapiti franga CFA 5.000 kwa kilo. Mfuko wa kilo 100 ukipotea, mwisho ni franga CFA 500.000.

Mwenye kamio hahukumiwi akionyesha kwamba jambo lilimpita nguvu, hakuweza kuliepuka. Hapa kwetu maana yake iko wazi. Kwenye hii barabara kamio zimeshambuliwa, na mara nyingi magari yanatembea kwa konvwa na wanajeshi. Shofere akiacha konvwa juu ya haraka, na mzigo ukachomwa, mwenye kamio atapata shida kusema hakuweza kuepuka.

Ukivuka mpaka

Kwa kuingia Uganda unahitaji karte ya manjano ya COMESA, ndiyo asiransi inayokubaliwa kule. Kumbuka Uganda wanatembea kushoto, sisi kuume. Upande wetu, DGDA inashughulika na duane na OCC inakagua bidhaa. Karatasi zao zifuate mzigo.

Ukibeba kontena ya Mombasa, jua kwamba kontena si ya mteja. Ni ya kampuni ya meli, na ikichelewa kurudi inahesabiwa kwa siku. Mkubaliane kwa maandishi nani atalipa siku ambazo kamio imelala kwa matope ao imengoja konvwa.

Hesabu ya mwisho

Usitumie franga zote kununua kamio. Ubakize za mafuta, tairi, peaje ya FONER, na za siku gari limesimama. Kisha uanze na safari fupi, mteja unayemjua, na barua ya mzigo iliyotiwa saini na pande zote mbili. Kopi yako uiweke nyumbani, si ndani ya kamio.